Ngoma bila wimbo: sauti ya binti wa mji wa chuma

Huku kwetu mwambao, ngoma na utungo ni pacha. Chapuo likianza kulia, sikio humngoja mwimbaji. Asipotokea, wazee huulizana kama hiyo ni ngoma au ni makelele. Swali hilo ni la haki, na ndilo lifaalo kuulizwa juu ya santuri iitwayo Black Origami, iliyotolewa mwezi wa Mei 2017 na kampuni ya Planet Mu ya Uingereza.

Mtunzi wake ni Jerrilynn Patton, ajulikanaye kwa jina la Jlin. Kwao ni Gary, jimbo la Indiana huko Marekani, mji uliojengwa mwaka 1906 na kampuni kubwa ya chuma, nao hauko mbali na Chicago. Muziki wake waitwa futiwaki, yaani kazi ya miguu. Ulizaliwa Chicago, na ni wa ukoo mmoja na tekno ya Detroit, kwa kuwa zote mbili hutungwa kwa mitambo. Mwendo wake ni wa kasi, kiasi cha mapigo 160 kwa dakika, na wachezaji huingia duarani mmoja mmoja kushindana kwa miguu.

Santuri yake ya kwanza, Dark Energy, ilitoka mwaka 2015. Aliitunga hali akiajiriwa katika kiwanda cha chuma. Hapo awali alikuwa akichota vipande vya nyimbo za watu na kuvitia katika kazi zake, kama ilivyo desturi ya muziki huo. Mwenyewe amesimulia kwamba alimsikilizisha mamake kazi ya namna hiyo, na mama akataka kujua sauti yake yeye binti ikoje. Swali hilo lilimwingia. Tangu hapo akakataa kuegemea nyimbo za wengine.

Sisi watunzi wa mashairi twalijua swali hilo. Mtu aweza kujifunza vina na mizani kwa mabingwa hata asikosee, na bado shairi likawa si lake.

Basi katika santuri hii ya pili Jlin ameupunguza utamu wa sauti, akaiachia ngoma izungumze. Origami ni sanaa ya Wajapani ya kukunja karatasi moja, bila mkasi wala gundi, hata ikawa ndege au ua. Naye huchukua pigo moja akalikunja kwa mbili, kisha kwa tatu, kisha akaligeuza upande wa pili. Aliyezoea chakacha hatapotea hapo, kwani kiuno chake chajua tangu zamani namna tatu zinavyopanda juu ya mbili. Sauti za watu zimo, lakini zimekatwakatwa zikafanywa ngoma nazo.

Vipande ni 12. Kimoja chaitwa Hatshepsut, kwa jina la malkia aliyetawala Misri ya kale, na humo mna ngoma kama za gwaride pamoja na vipenga. Kingine chaitwa Nyakinyua Rise. Mkenya hatahitaji kuelezwa jina hilo: Nyakinyua ni kina mama watu wazima wa Kikuyu, na vikundi vyao vya ngoma vilivuma sana zama za Mzee Jomo Kenyatta.

Wahenga walisema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Jlin alielewa hilo, kwani mara kwa mara huikata ngoma ghafla, pakawa kimya, na miguu ikabaki hewani ikingoja. Hata hivyo santuri haina upole. Hapana kituo cha kupumzikia, na sikio geni litachoka kabla ya mwisho. Afadhali isikilizwe kwa mafungu.

Ama matunda yake yameonekana. Mwaka huo huo wa 2017 alitunga muziki wa mchezo wa dansi wa Wayne McGregor, Autobiography, ulioonyeshwa London. Baadaye akaandika Perspective kwa ajili ya Third Coast Percussion, kundi la wapigaji wanne wa Chicago, nayo ikafika fainali ya tuzo ya Pulitzer ya muziki mwaka 2023. Hapo ngoma iliyozaliwa katika kompyuta ilirudi mikononi mwa binadamu, na wapigaji wakalazimika kujifunza lugha yake.

Je, ni ngoma au ni makelele? Mimi nasema ni ngoma, kwa sababu kila pigo lina mahali pake, na ukiliondoa moja jengo lote laenda upande. Vijana wetu watungao muziki kwa kompyuta hapa Mombasa na Malindi wana sauti za dunia nzima mbele yao, za kuchukua wapendavyo. Mashine itawapa zote, isipokuwa ile moja aliyoiulizia mama wa Gary.