Ladha ya Kuungua Kwenye Vepu Ina Maana Gani kwa Mapafu

Anayevuta sigara ya kielektroniki, au vepu kama vijana wanavyoiita, hukutana mapema na kero mbili. Mara kifaa kinavuja na kumlowesha mfukoni, mara kinampa pumzi moja kavu na chungu, yenye harufu ya kitu kilichoungua, hadi anakohoa. Muuzaji humwambia abadilishe koili au aongeze maji. Ushauri huo unakiokoa kifaa, lakini hausemi lolote kuhusu kifua cha mvutaji. Mimi naziona kero hizi mbili kuwa suala la afya kabla hazijawa suala la ufundi, na ndiyo sababu ya kueleza hapa jinsi kimiminika kinavyosafiri ndani ya kifaa hiki.

Msomaji wa kisiwa cha Mafia anazijua kanuni za mwendo huo tayari. Ndani ya vepu mna utambi, kwa kawaida wa pamba, na utambi huo unafanya kazi ileile ya utambi wa koroboi. Pamba ina mianya myembamba sana. Kimiminika hushika kuta za mianya hiyo na kujivuta mbele chenyewe, bila pampu. Kwenye koroboi mafuta ya taa hupanda hadi kwenye mwali. Kwenye vepu kimiminika hufika kwenye koili, yaani waya mdogo unaopashwa moto na betri. Na koroboi ikiishiwa mafuta, utambi wenyewe ndio unaoanza kuungua.

Mwaka 1921 mwanakemia wa Marekani, Edward Washburn, alionyesha kwa hesabu kwamba mwendo huo una mipaka. Kimiminika kizito huenda polepole, na kadiri kinavyozidi kuingia ndani ya mianya ndivyo kasi inavyopungua: umbali ukiwa mara mbili, muda unakuwa mara nne. Kwa hiyo anayevuta pumzi mfululizo, bila kupumzisha kifaa, anaumaliza unyevu wa utambi kabla haujarudi. Tangi linaweza kuwa limejaa na bado koili ikawa kavu.

Kimiminika chenyewe ni mchanganyiko wa gliserini na propilini glikoli, pamoja na vionjo na, mara nyingi, nikotini. Gliserini si ngeni kwenye kisiwa cha minazi: mafuta ya nazi yakichemshwa na kostiki soda ili kuwa sabuni, gliserini ni mojawapo ya vitu vinavyotokea. Ni nzito mno. Katika nyuzi 20 za Selsiasi uzito wa mtiririko wake unazidi wa maji kwa takriban mara 1,400, lakini ikipata joto hulegea haraka, na ikifika nyuzi 30 ule uzito umeshapungua kwa zaidi ya nusu. Maji ya vepu yaliyotengenezwa kwa kuzingatia hali ya hewa ya Ulaya, yakifika Kilindoni, hapa Mafia, kwenye jua la mchana, huwa mepesi kuliko alivyokusudia mtengenezaji. Yanapita utambi kupita kiasi, yanafurika kwenye koili, yanatoka kupitia matundu ya hewa.

Usafiri nao unachangia. Ndege ndogo za kutoka Dar es Salaam kwenda Mafia hazina mfumo wa kushikilia shinikizo la hewa ndani. Ndege ikipanda, shinikizo la nje hushuka, na hewa iliyobaki ndani ya tangi hutanuka na kukisukuma kimiminika nje. Abiria anayekuja kwa boti kutoka Nyamisati hakutani na jambo hilo, ingawa jua la safarini linamtosha.

Kuvuja si uchafu tu. Nikotini hupenya ngozi. Wakulima wa tumbaku wanaovuna majani yakiwa na umande wanaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika bila kuvuta hata sigara moja, kwa sababu majani mabichi yameipitisha nikotini mikononi mwao. Kimiminika cha vepu kina nikotini iliyokwisha kukamuliwa. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 20 kwa kila mililita, lakini kuna bidhaa katika soko la dunia zinazofika 50 na zaidi. Kikimwagika mkononi, nawa kwa maji na sabuni papo hapo. Kikiingia kwenye nguo, ivue.

Sasa tuje kwenye kuungua, ambako ndiko kwenye hatari iliyojificha zaidi. Propilini glikoli huchemka katika nyuzi 188, gliserini katika nyuzi 290. Utambi ukiwa umelowa, joto la koili linatumika kukigeuza kimiminika kuwa mvuke, nao mvuke huo ukipoa hugeuka matone madogo sana ambayo mvutaji huyaona kama moshi. Kuchemka huko kunalizuia joto lisipande sana. Utambi ukikauka, kizuizi hicho hakipo tena. Waya unapanda joto kwa ghafla, na kimiminika kidogo kilichobaki, badala ya kuchemka, kinavunjika. Gliserini inapovunjika hutoa akrolini, gesi inayochoma macho na koo, ileile inayotoka kwenye mafuta ya kupikia yaliyopitiliza moto. Vilevile hutokea fomaldehidi, kemikali ambayo maji yake, formalini, hutumika kuhifadhi maiti. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka fomaldehidi katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Wanasayansi wamebishana juu ya jambo hili. Januari 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State huko Marekani waliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba kifaa walichokipima kilitoa kemikali zinazobeba fomaldehidi kilipowekwa volti 5, huku kwenye volti 3.3 wasizione. Mwaka huohuo Konstantinos Farsalinos wa Ugiriki na wenzake wakajibu kwamba aldehidi nyingi hutokea pale utambi unapokauka, na kwamba mvutaji mzoefu huisikia ladha hiyo mbaya na kuacha. Hoja ya Farsalinos naiona ina nguvu, na kwangu inatoa fundisho moja zito: ile ladha ya kuungua ni koo linalotambua sumu. Lakini anayejifunza kuvuta hana uzoefu huo. Kijana aliyepewa kifaa na rafiki, chenye kionjo cha embe au mnanaa, anaweza kudhani kwamba kukohoa ni sehemu ya mchezo.

Basi mtiririko ukirekebishwa vizuri, utambi ukawa na unyevu wa kutosha, volti zikawa chini, mvutaji akapumzisha kifaa, je, tatizo limekwisha? Sumu za kuungua hupungua sana. Nikotini inabaki palepale na uraibu wake. Koili pia ina yake: mwaka 2018 watafiti wa Johns Hopkins walipima vifaa vya wavutaji 56 na kukuta risasi, kromiamu na nikeli ndani ya ukungu unaovutwa, madini ambayo kwenye chupa ya kujazia yalikuwa machache mno. Kwa watu wazima wanaovuta sigara za kawaida na wakahamia vepu moja kwa moja, kuna ushahidi mzuri kwamba baadhi yao wanafanikiwa kuacha sigara. Kwa asiyevuta chochote, hakuna kiwango cha mtiririko ninachoweza kumpendekezea.

Kuna jaribio moja ambalo lazima likatazwe waziwazi, hasa mahali ambapo maji ya vepu ni adimu: kujaza tangi kwa kitu cha nyumbani. Mafuta ya nazi, hata yawe safi vipi, hayafai. Mafuta yakiingia mapafuni huleta nimonia ya mafuta. Mlipuko wa ugonjwa wa mapafu wa mwaka 2019 nchini Marekani ulihusishwa zaidi na mafuta ya vitamini E asetati yaliyochanganywa kwenye maji ya bangi, na hadi Februari 2020 watu 68 walikuwa wamekufa. Gliserini ya kupaka ngozi inayouzwa dukani nayo haikutengenezwa kwa ajili ya mapafu.

Sheria ya Tanzania ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, mwaka uleule ambao mfamasia wa China, Hon Lik, anatajwa kubuni vepu ya kisasa, kwa hiyo haikuandikwa kwa kuifikiria vepu. Uganda, kwa upande wake, ilizipiga marufuku sigara hizi za kielektroniki kwa sheria yake ya 2015.

Nyumbani kuna hatari nyingine. Chupa ya mililita 10 yenye nikotini ya miligramu 20 kwa mililita ina miligramu 200 ndani yake, kiasi kinachoweza kumuua mtoto mdogo, na harufu yake ni ya pipi. Iwekwe juu, imefungwa. Mtoto akiinywa, au akianza kutapika, kutoka mate mengi au kulegea baada ya kuichezea, asilazimishwe kutapika. Akimbizwe hospitali ya wilaya Kilindoni au kituo cha afya kilicho karibu, na chupa ichukuliwe pamoja naye, kwa sababu jambo la kwanza daktari atakalotaka kulijua ni idadi ya miligramu iliyoandikwa pale.