MZINGA MMOJA DHIDI YA WAVAMIZI 55

Hakuna mtu aliyepata kuumaliza mchezo wa Space Invaders, yaani Wavamizi wa Anga. Mchezaji akiwaangamiza wavamizi wote 55 walio katika kioo cha mashine, wengine 55 hutokea papo hapo, nao huanzia karibu zaidi na ardhi. Mchezaji atapigana mpaka mizinga yake mitatu imalizike, au mpaka mvamizi mmoja afike chini. Hapo mashine humwambia kwamba mchezo umekwisha, nayo hungoja sarafu nyingine. Alama zake zikipita 9,990, hesabu hurudi kwenye sifuri, kwa sababu mashine ina nafasi ya tarakimu nne tu. Umeme ukizimwa, rekodi ya bingwa hufutika.

Licha ya upungufu huo wote, mchezo huu uliotoka Japani katika mwaka wa 1978 ungali unachezwa mpaka leo. Wapo watu wazima wenye wajukuu ambao nyuso zao hukunjuka wasikiapo jina lake. Jambo hili lastahili kutazamwa kwa makini na kila jamaa, hususan jamaa ya askari, ambamo risasi si neno la mchezo.

Namna unavyochezwa

Mtambo wa kwanza ulikuwa kabati lenye kioo, au meza ambayo kioo chake kilitazama juu, iliyowekwa katika mikahawa ili mtu acheze huku akinywa kahawa yake. Chini ya kioo upo mzinga mmoja uwezao kwenda kushoto na kulia tu. Mbele yake zipo ngome nne ndogo za kujikinga. Juu kabisa wamejipanga wavamizi katika safu 5, kila safu watu 11. Wavamizi wa juu wana umbo la ngisi, na kila mmoja ana thamani ya alama 30; wa katikati wafanana na kaa, alama 20; wa chini ni kama pweza, alama 10. Jeshi hilo huenda upande mmoja hata likafika ukingoni, likashuka hatua moja, kisha likarudi upande wa pili, huku likiangusha makombora.

Kioo chenyewe kilikuwa cha rangi nyeusi na nyeupe. Rangi zilizoonekana katika mitambo mingi zilitokana na vipande vya plastiki ya rangi vilivyobandikwa juu yake. Ngome nazo ni rafiki asiyetegemeka: makombora ya adui huzimega kidogo kidogo, na risasi za mwenye ngome huzimega vilevile. Mchezaji asiyetazama anakopiga hujibomolea kinga yake kwa mkono wake mwenyewe.

Kadhalika, mzinga hautoi risasi ya pili mpaka ile ya kwanza impige adui au itokomee juu ya kioo. Mtoto agusaye mashine kwa mara ya kwanza huminya kitufe mfululizo, akadhani mashine imeharibika. La hasha. Risasi yake iliyokosa shabaha ingali njiani, naye hana budi kungoja. Baada ya michezo michache hujifunza jambo ambalo kila kuruta huambiwa katika uwanja wa shabaha: risasi iliyopotea haigharimu risasi tu, bali hugharimu muda, na muda huo adui huutumia kusogea.

Kasoro iliyozaa uzuri

Aliyeuunda mchezo huu ni Tomohiro Nishikado, mhandisi wa kampuni ya Taito, aliyezaliwa mwaka 1944. Alivutiwa na mchezo wa Kimarekani uitwao Breakout, uliotoka mwaka 1976, ambamo mchezaji huvunja ukuta wa matofali kwa mpira. Yeye alitaka matofali hayo yatembee na yajibu mapigo. Kazi hiyo ilimchukua muda wa mwaka mmoja hivi, naye alilazimika kuunda hata vifaa vya kufanyia kazi yenyewe.

Ubongo wa mtambo wake ulikuwa kipande cha kompyuta aina ya Intel 8080 kutoka Marekani, ambacho nguvu yake ilikuwa ndogo sana. Kioo kilichorwa upya karibu mara 60 kwa sekunde, na kila mara mashine ilimsogeza mvamizi mmoja tu. Kwa hiyo, wavamizi wakiwa 55, karibu sekunde nzima hupita kabla jeshi lote halijapiga hatua moja. Wakibaki 10, jeshi hupiga hatua zipatazo sita kwa sekunde. Akibaki mmoja, hukimbia kama panya aliyefumaniwa ghalani. Sauti nayo ya noti nne nzito, ifananayo na mapigo ya moyo, huzidi kwenda mbio kadiri adui wanavyopungua.

Nishikado aliona jambo hilo alipokuwa akiujaribu mtambo wake. Angeweza kulihesabu kuwa aibu ya mashine dhaifu, akalificha. Badala yake aliliacha lilivyo, akatambua kwamba udhaifu huo ulikuwa umemletea kitu ambacho yeye mwenyewe hakukipanga. Katika mchezo huu, kadiri mtu anavyokaribia ushindi, ndivyo kazi inavyokuwa ngumu. Yule mvamizi wa mwisho ndiye anayewashinda wengi, kwa kuwa hapo mchezaji amekwisha kujiona mshindi.

Kasoro nyingine iligunduliwa na wachezaji wenyewe. Makombora ya wavamizi huanzia chini kidogo ya miili yao. Wakifika safu ya mwisho, hatua moja tu kabla ya kuukanyaga mzinga, makombora yao hayawezi tena kuupiga. Wajapani waliipa hila hiyo jina la mji wa Nagoya. Mchezaji hodari huwaachia adui washuke mpaka hapo, ndipo awafagie mmoja mmoja. Lakini akikosa shabaha na wakashuka hatua moja zaidi, yote yamekwisha.

Tena upo mtumbwi wa ajabu upitao juu ya kioo mara kwa mara. Thamani yake hutegemea idadi ya risasi ambazo mchezaji amekwisha kupiga. Akiupiga kwa risasi ya 23, hupata alama 300. Baada ya hapo, kila risasi ya 15 huleta alama hizo hizo. Hivyo vijana walisimama mbele ya mashine wakihesabu risasi zao kimoyomoyo, kama mtunza ghala la silaha ahesabuvyo asubuhi na jioni.

Kwa nini adui si binadamu

Katika majaribio yake, Nishikado alitumia vifaru na ndege, lakini mashine haikuweza kuvionyesha vikienda vizuri. Umbo la binadamu lingekuwa rahisi zaidi. Hata hivyo hakulitumia, kwa kuwa aliona si vyema kuwafanya watu wapigwe risasi kwa kujifurahisha. Ndipo akakumbuka wageni kutoka sayari nyingine walioelezwa katika kitabu cha Mwingereza H. G. Wells, viumbe wenye minyiri kama ya pweza, akawachora wavamizi wake kwa mfano wa wanyama wa baharini.

Uamuzi huo wahitaji kufikiriwa na kila mzazi ambaye kazi yake humtaka ashike silaha. Yeye ajua uzito wa bunduki, na ajua kwamba aliyepigwa risasi hainuki ati kwa sababu sarafu nyingine imeingizwa. Mtoto wake hajui hayo. Michezo mingi iliyotokea baadaye huonyesha binadamu wakivuja damu, na picha zake huwa karibu sawa na za kweli. Mchezo wa zamani, pamoja na picha zake duni, haumwachi mtoto na shaka yoyote kwamba atazamacho ni mchezo.

Sarafu na shule

Isidhaniwe kwamba mchezo huu haukuwa na lawama. Nchini Japani yalifunguliwa majumba yasiyokuwa na kitu kingine ila mitambo hiyo. Nchini Uingereza, katika mwezi wa Mei 1981, mbunge George Foulkes alipeleka bungeni pendekezo la sheria ya kuidhibiti mitambo ya namna hiyo, akieleza kwamba vijana walikuwa wakitoroka shule na kuiba ili wapate sarafu. Mbunge mwingine alisimama kumpinga, akakiri kwamba hata yeye huucheza. Kura zilipohesabiwa, waliokataa walikuwa 114 na waliokubali 94.

Pendekezo lilishindwa, lakini hofu ya Foulkes haikuwa ya kuchekwa. Mchezo usio na mwisho hauwezi kumwambia mtoto kwamba sasa yatosha. Neno hilo lazima litoke kwa mzazi.

Nyumbani

Tangu mwaka 1980, mashine ya Atari ilipouingiza mchezo huu sebuleni, haukuwa tena mali ya mikahawa. Katika mwaka wa 2013 ulipokewa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa mjini New York, na leo huchezwa hata kwenye simu ya mkononi, ambako hakuna sarafu ya kumzuia mtu. Kwa sababu hiyo yafaa mzazi aweke sarafu zake mwenyewe: mizinga mitatu kwa kila mtu, kisha simu impokee mwingine, na baada ya zamu mbili izimwe. Masomo na kazi za nyumbani vitangulie.

Zaidi ya yote, mzazi aketi acheze pamoja nao. Baba aliyerudi kutoka lindoni, au mama aliyevua sare yake ya polisi, atashindwa mbele ya wanawe kama kila mtu alivyoshindwa tangu mwaka 1978. Watamcheka, na hapana ubaya. Kisha, wanapongoja risasi iliyokosa itokomee juu ya kioo, mtoto huenda akauliza ikiwa bunduki ya kweli nayo ni hivi hivi. Mzazi asiiache nafasi hiyo ipite. Aweke simu chini, ampe mtoto jibu la kweli.