Sifa za kulipia kwenye simu: Mzazi, jua kinachomkosesha mwanao usingizi



Afya ya kijana si chakula bora, maji safi na chanjo peke yake. Moyo na akili navyo huugua, na siku hizi moja ya njia zinazopitisha maradhi hayo ni simu iliyo mkononi mwa mtoto. Leo tuangalie programu za simu ambazo wazazi wengi hawazijui: programu za kura za sifa, zinazotengenezwa mahsusi kwa vijana wa umri wa balehe.

Programu hizi zikoje?

Mwaka 2017 kampuni changa ya Marekani iliyoongozwa na Nikita Bier ilitoa programu iitwayo tbh, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kusema kweli". Kijana alitaja shule anayosoma na kuiruhusu programu isome orodha ya namba alizohifadhi katika simu. Kisha aliletewa maswali ya sifa, mfano wa "nani ana tabasamu zuri kuliko wote?" Chini ya swali palikuwa na majina manne ya wenzake, achague moja. Aliyechaguliwa alipata taarifa kwamba amesifiwa, lakini hakutajiwa jina la aliyemsifu. Aliambiwa tu kama ni mvulana au msichana, na yuko darasa gani.

Katika wiki tisa hivi programu hiyo ilipakuliwa mara milioni 5. Oktoba 2017 kampuni ya Facebook iliinunua, na Julai 2018 ikaifunga kwa sababu watumiaji walikuwa wamepungua. Mwaka 2022 Bier alirudi na programu ya mtindo ule ule, akaiita Gas, neno ambalo vijana wa Marekani hulitumia kwa maana ya kumpamba mtu kwa sifa. Januari 2023 kampuni ya Discord iliinunua, na Novemba mwaka huo huo nayo ikafungwa. Kwa hiyo majina huja na kupita, lakini mtindo unabaki, na yeyote anaweza kuurudisha kwa jina jipya.

Tuseme haki: wazo lenyewe halikuwa baya lote. Maswali yaliandaliwa na kampuni, hivyo kijana hakuwa na mahali pa kuandika tusi. Programu nyingine za kuficha majina zilizotangulia zilijaa matusi na vitisho.

Madhara yako wapi?

Kwanza, ni kusubiri. Sehemu ya ubongo inayomsaidia mtu kujizuia na kupima matokeo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, wakati hamu ya kukubalika na wenzake huwa kali sana katika balehe. Sifa inayokuja bila saa maalumu humfanya kijana aitazame simu kila mara. Ni kama mvuvi wa ndoana: kwa kuwa hajui samaki atauma saa ngapi, haondoki ufukweni.

Pili, ni yule asiyechaguliwa. Katika majina manne mmoja hupata, watatu hukosa. Hakuna aliyemtukana, lakini mtoto anayeona wenzake wanapata sifa kila siku na yeye hana hata moja, huuchukua ukimya ule kuwa ndiyo hukumu yake.

Tatu, siri hugeuzwa bidhaa. Kujiunga na Gas kulikuwa bure, lakini aliyetaka kupata vidokezo vya nani amempigia kura alilipa dola 6.99 kwa wiki. Kwa wiki nne ni karibu dola 28. Biashara ilikuwa katika dukuduku la mtoto.

Wapo waliovuka mpaka zaidi. Julai 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ilichukua hatua dhidi ya NGL, programu ya kupokea ujumbe usio na jina. Tume ilidai kuwa kampuni yenyewe ilikuwa ikiwatumia watumiaji ujumbe wa uongo ili wadhani umetoka kwa marafiki, kisha ikawatoza fedha ili wajulishwe aliyeutuma. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5 na kutowapa huduma hiyo walio chini ya miaka 18.

Nne, ni usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa siku. Simu inayolia chini ya mto humpunguzia saa hizo, na asubuhi huamka mzito, mwenye hasira na asiyeelewa masomo.

Tahadhari na uvumi

Mwaka 2022 ulienea uvumi nchini Marekani kwamba Gas inatumika kuwateka vijana na kuwauza. Haikuwa kweli, lakini hata baadhi ya shule na askari waliusambaza. Mzazi anayepiga kelele juu ya hatari isiyokuwapo hatasikilizwa akitaja iliyopo. Hakikisha kwanza, ndipo uonye.

Ufanye nini nyumbani?

1. Muombe mwanao akuoneshe programu anazotumia, akueleze zinavyofanya kazi. Uliza kwa upole, usianze kwa kumnyang'anya simu.

2. Mfundishe kukataa programu inayotaka kusoma namba zote za simu. Namba hizo ni amana za watu wengine: shangazi, jirani, mwalimu.

3. Simu zote, pamoja na yako, zilale sebuleni baada ya Isha. Hata kuamka kwa Alfajiri kutakuwa kwepesi.

4. Mweleze kuwa anayelipa ili ajue nani kamtaja anaweza kupewa kidokezo tu, au uongo.

5. Msifu wewe, kwa jambo alilolifanya: kamsaidia mdogo wake, kasema kweli ilipokuwa vigumu. Sifa yenye jina la msemaji na sababu yake hujenga kuliko mia zisizo na mwenyewe.

6. Ukiona kwa wiki mbili au zaidi halali vizuri, hali chakula, anakwepa shule au amejitenga, mpeleke kwa mtaalamu wa afya. Akitamka kutaka kujidhuru, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mtoto akilala leo huku akijua kwamba nyumbani anathaminiwa, hatakuwa na haja ya kukesha akingoja simu imwambie.