Maji ya kunywa baharini: Hesabu ambayo wavuvi wa Feri hawapaswi kuikosea

Na Mwandishi Wetu

CHOMBO cha uvuvi kinapong'oa nanga Feri, jijini Dar es Salaam, kwa safari ya siku kadhaa, nahodha huwa amekwisha kuhesabu mafuta na barafu. Maji ya kunywa nayo yanastahili hesabu hiyo hiyo, kwa kuwa yakiisha au yakichafuka katikati ya safari, hakuna bomba wala muuza maji wa mkokoteni wa kukimbilia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtu anayevuta nyavu juani anahitaji takriban lita tano kwa siku kwa kunywa na kupikia. Mabaharia wanane watakaokaa baharini siku nne watahitaji lita 160, sawa na madumu manane ya lita 20. Kwa kuwa upepo na mashine havina ahadi, ni busara kuongeza madumu mawili yaliyofungwa, yasiyoguswa mpaka chombo kiwe kinarejea. Madumu hayo kumi yana uzito wa kilo 200, hivyo yapangwe chini, pande zote mbili, na kufungwa kamba.

Maji yanayopatikana mjini hutoka zaidi katika Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Chini na Ruvu Juu iliyo chini ya DAWASA. Yakitoka katika mtambo yakiwa salama, bado yanaweza kuchafuliwa njiani, katika boza, pipa au dumu. Mwishoni mwa mwaka 2022 kina cha Ruvu kiliposhuka, jiji liliingia katika mgawo na wengi wakalazimika kununua maji wasiyojua yalikochotwa. Mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2015, ulioanzia Dar es Salaam mwezi Agosti, ni kumbukumbu tosha ya hatari hiyo. Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kupoteza maisha kwa saa chache kutokana na kupungukiwa maji mwilini. Fikiria, msomaji, mgonjwa huyo akiwa safari ya usiku mzima kutoka zahanati iliyo karibu!

Kazi huanza na chombo cha kuhifadhia. Dumu lililowahi kubeba dizeli, mafuta ya taa au dawa ya wadudu lisitumike kabisa, hata likioshwa mara kumi. Lile la mafuta ya kula linafaa likisuguliwa kwa sabuni na maji ya moto. Mdomo mwembamba ni bora kuliko ndoo iliyo wazi, maana mikono iliyotoka kushika samaki haiwezi kuingia humo.

Maji yakiwa na tope au takataka, yachujwe kwanza. Hapa kanga kuukuu ina thamani kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kuchuja maji kwa kitambaa cha sari iliyochakaa, kilichokunjwa angalau mara nne, kulipunguza wagonjwa wa kipindupindu kwa karibu nusu. Sababu ni kwamba vijidudu vingi vya ugonjwa huo hujishikiza kwa viumbe wadogo wa majini, ambao hunaswa na kitambaa. Nyuzi zilizochakaa hulegea na kuziba matundu, ndiyo maana kitambaa kipya hakifai sana.

Hata hivyo, kinachopunguza hakimalizi. Baada ya kuchujwa, maji yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja. Kwa kuwa kuni na mkaa chomboni ni vya kubana, ni afadhali kuchemsha nchi kavu siku moja kabla. Njia nyingine ni vidonge vya klorini: vipo vinavyotosha lita 20 kwa kidonge kimoja, na maji husubiriwa dakika 30 kabla ya kunywewa. Maelekezo ya pakiti yafuatwe, na vidonge vihifadhiwe mbali na unyevu wa bahari.

Jua nalo ni dawa. Chupa za plastiki angavu zisizozidi lita mbili, zikijazwa maji maangavu na kulazwa juani saa sita, mionzi huua vijidudu. Kukiwa na mawingu, ziachwe siku mbili.

Hakuna hata moja kati ya njia hizo inayoondoa chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya takriban gramu 35, na figo huhitaji maji zaidi ya hayo kuitoa, hivyo anayeyanywa huongeza kiu. Wavuvi waendao dago wanajua pia kwamba visima vya visiwa vya matumbawe hugeuka chumvi vikichotwa kupita kiasi, kwani maji baridi huelea juu ya yale ya bahari kama utando. Huchotwa kidogo kidogo, na kisima hupumzishwa.

Kuosha vyombo na kusafisha sitaha kufanywe kwa maji ya bahari, na sahani zisuuzwe kwa kikombe kimoja cha maji baridi. Mvua ya masika ikinyesha, turubai linaweza kukinga maji mengi, ila yale ya mwanzo yamwagwe, kwa sababu huwa yanakoga chumvi na kinyesi cha ndege kilichokauka juu yake.