Mzigo Umefika, Mwenyewe Yuko Kazini

Kariakoo ikishachangamka, kwenye saa nne hivi za asubuhi, wauzaji wa mtandaoni huanza kuwakabidhi bodaboda mizigo ya siku: viatu, mashuka, simu, sufuria, vipodozi. Oda nyingi ziliwekwa usiku, watu wakiwa kitandani wanaperuzi Instagram na WhatsApp. Mzigo unafika Goba, Kinyerezi au Bunju jua likiwa kali. Aliyeuagiza aliondoka alfajiri kuikimbia foleni, na kurudi kwake ni usiku.

Kinachofuata wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam wanakijua. Simu inaita, namba ngeni. "Dada, niko hapa nje, toka uchukue mzigo wako." Dada yuko kwenye dirisha la benki mjini, wateja wamejipanga mbele yake, na simu yenyewe hakutakiwa hata kuipokea. Anainama nyuma ya kaunta na kunong'ona: mwachie Mangi, yule mwenye duka hapo kwenye kona. Mangi yupi, anauliza boda, maana pale kuna maduka mawili. Halafu mzigo haujalipiwa. Makubaliano yalikuwa alipe akishauona, na kuuona akiwa mjini haiwezekani. Boda anawasha pikipiki na kuondoka. Jioni muuzaji anatuma ujumbe wa sauti, mrefu, wa lawama: hiyo nauli ya kwenda na kurudi nani anailipa?

Ugomvi mwingi wa mizigo ukiuchimba utaikuta nauli hiyo chini yake. Boda halipwi kwa kusubiri, analipwa kwa kufikisha. Kila dakika anayokaa getini inakula muda wa mzigo mwingine uliofungwa nyuma ya pikipiki, ndiyo maana anaonekana mwenye jazba hata pale ambapo hana ubaya na mtu. Muuzaji naye, kama ni mdogo, faida ya pea moja ya viatu inaweza kuishia kwenye safari mbili za boda. Wengi wameamua kudai hela kwanza, mzigo baadaye. Mnunuzi aliyewahi kuagiza namba 40 akaletewa 37 hataki kusikia habari hiyo. Ukiwasikiliza mmoja mmoja, kila mtu ana haki yake.

Juu ya hayo kuna suala la anwani. Kwa miaka mingi barua hazikuwa zikiwafuata watu nyumbani. Zilikwenda kwenye sanduku la posta, mara nyingi la shule, la kanisa au la ofisi ya mtu. Shirika la Posta Tanzania lilipoanza kazi Januari 1994 lilirithi utaratibu huo, huku jiji likizidi kutanuka na nyumba zikijengwa bila namba. Mwaka 2022, kuelekea sensa ya Agosti, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi nchi nzima. Nguzo zenye majina ya mitaa zikasimamishwa, vibao vya namba vikapigiliwa ukutani na kwenye mageti, na programu ya simu iitwayo NaPA ikatengenezwa ili anwani hizo ziweze kutafutwa.

Kazi kubwa, na ya maana. Lakini mtajie boda namba ya nyumba uone. Atakuuliza: "Hapo ni jirani na nini?" Kisha atakuomba lokesheni, na hapo kuna mtego mwingine, kwa sababu anayetuma lokesheni ya pale alipo akiwa ofisini anatuma ramani ya ofisini. Asiyejua kuihifadhi ile ya nyumbani anabaki kuelekeza kwa mdomo: geti jeusi, mwembe, bomba la maji. Kwa hali ilivyo, anwani ya mtu ni simu yake. Muuguzi akiizima kuingia wodini, au mwalimu akiiacha kwenye mkoba, boda hana tena nyumba ya kwenda.

Mzigo ukipotea, mambo huwa magumu zaidi. Kampuni ya kusafirisha vifurushi inatakiwa kuwa na leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kwa hiyo mteja anajua pa kupeleka malalamiko. Boda aliyeitwa kijiweni hana karatasi yoyote ya kumkabidhi mtu. Kilichopo ni namba yake tu, na namba huzimwa.

Ajabu ni kwamba mizigo ya mikoani, inayosafiri kwa basi usiku kucha, mara nyingi haina kelele nyingi kama ya Kariakoo kwenda Goba. Anayetumiwa kitu kutoka Mwanza au Mbeya anapewa jina la basi na namba ya risiti, kisha anakwenda mwenyewe kukichukua, stendi ya Magufuli pale Mbezi au kwenye ofisi ya basi, kwa muda wake. Hakuna anayemsubiri mwenzake getini. Nchini Kenya, kampuni ya kuuza mtandaoni ya Jumia, iliyofunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, ina vituo vya kuchukulia mizigo, na Ujerumani DHL iliweka makabati ya vifurushi yanayofunguka saa yoyote tangu 2001. Dar hatuna haja ya makabati ya chuma kuanza. Maduka ya mitaani yanayofunga usiku yapo tayari, na mengi yalishazoea uwakala wa fedha. Kinachokosekana ni malipo kidogo kwa Mangi na daftari la kusaini, ili asitunze mizigo ya watu kwa hisani tu.

Kwa sasa wengi wanaagiza vitu vyao viletwe kazini. Kwenye ofisi ya watu watano haina shida. Kwenye jengo la ghorofa kumi, mlinzi wa mapokezi hugeuka kuwa mtunza stoo bila kuongezwa mshahara, na baadhi ya waajiri wameshapiga marufuku. Wauzaji wajanja nao wameanza kuuliza kabla ya kutuma: "Unafika nyumbani saa ngapi?" Ukijibu saa mbili usiku, boda anapandisha bei, hasa kama njia haina taa.