Mtoto mwoga na bembea ya kuzunguka: nani ameshika swichi?

Kwenye lango la vyombo vingi vya kuzungusha watoto kuna kibao chenye mstari. Mtoto anasimamishwa pale; kichwa kikifika kwenye mstari anapanda, kisipofika anarudishwa. Kibao hicho kina maana yake, kwani mkanda na chuma cha kifuani vimetengenezwa kwa mwili wa kiasi fulani. Lakini yupo mtoto wa miaka minne au mitano ambaye urefu umetimia, tiketi imekatwa, na bado amejizika kwenye buibui la mama yake, hataki hata kutazama. Sikukuu za Idi, iwe viwanja vya Kariakoo mjini Unguja au Tibirinzi kule Chake Chake, mtoto wa aina hiyo hakosekani. Wakubwa waliomzunguka hugawanyika hapohapo. Wapo wanaosema abebwe apakiwe, akishuka atakuwa amezoea. Wapo wanaosema mwacheni, akikua yataisha. Kwa maoni yangu wote wanakosea, na kosa lao ni moja: wanamtazama mtoto, wanasahau swichi. Mara nyingi kinachoamua kama hofu itageuka raha au jeraha ni nani mwenye uwezo wa kuisimamisha.

Jerome Kagan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitumia miongo kadhaa kuwafuatilia watoto tangu wakiwa na miezi minne. Vipimo vyake vilikuwa vyepesi: midoli ya rangi inayoning'inia na kuyumba mbele ya macho, sauti ngeni zilizorekodiwa, kipande cha pamba chenye harufu kali puani. Takriban mtoto mmoja kati ya watano alirusha mikono na miguu, akajipinda mgongo, akalia. Wengi wa hao, walipofika miaka miwili, ndio walionyamaza na kurudi nyuma kila walipokutana na mtu au kitu kigeni. Mwaka 2003 Carl Schwartz na wenzake, Kagan akiwamo, walichapisha picha za ubongo za vijana waliopimwa tangu utoto huo. Waliokuwa waoga walionesha msisimko mkubwa zaidi kwenye amigdala, sehemu inayopiga kengele ya hatari, walipooneshwa nyuso wasizozijua. Kwa hiyo mtoto huyu hajaharibiwa na malezi, wala hajifanyi. Kengele yake imetegwa karibu zaidi kuliko ya wenziwe, basi. Ugomvi mwingi wa bibi, baba na shangazi pale langoni ungeweza kuishia hapo.

Mtie sasa mtoto huyo katikati ya uwanja wa sikukuu. Jenereta linanguruma upande huu, upande ule spika mbili zinashindana kwa nyimbo tofauti, na kila dakika chombo kinapita juu kikiwa kimejaa watu wanaopiga mayowe. Mtu mzima anajua mayowe yale ni ya furaha. Mtoto anasikia mayowe. Akipandishwa, sikio la ndani linaingia kazini. Humo mna mifereji ya nusu duara yenye majimaji, inayoupa ubongo habari za kugeuka kwa kichwa, pamoja na punje ndogo mno za chokaa zinazohisi mvuto wa dunia. Chombo kikishuka ghafla, habari inayofika ni moja tu: unaanguka. Mkubwa huituliza kengele kwa kujua kwamba mkanda umefungwa na safari ni ya dakika tatu. Sehemu ya mbele ya ubongo inayofanya kazi hiyo ya kutuliza, kwa mtoto wa miaka minne bado ni changa.

Kisha anatokea mtu aliyevaa vazi la sungura mkubwa kuliko baba, anakuja kumpa mkono. Mzazi anacheka: "Si mtu tu yule, amevaa!" Rheta DeVries alichapisha mwaka 1969 uchunguzi unaoeleza kwa nini kauli hiyo haimsaidii mtoto mdogo. Alikuwa na paka mpole aitwaye Maynard. Watoto wa miaka mitatu hadi sita walimwona paka huyo, kisha kichwa chake kikafichwa na kuvishwa kinyago cha mbwa mkali, mwili wa nyuma na mkia vikiwa wazi muda wote. Wengi wa miaka mitatu walishika kwamba sasa ni mbwa. Wa miaka sita kwa kawaida walijua ni Maynard yuleyule. Kwa mdogo, sura ndiyo kitu chenyewe.

Turudi kwenye swichi. Mwaka 1978 Megan Gunnar alichapisha jaribio lake la nyani wa bandia anayepiga matoazi kwa kishindo, kitu cha kumtisha mtoto wa mwaka mmoja. Baadhi ya watoto waliwezeshwa kumwasha nyani huyo wenyewe. Wengine waliwashiwa na mtu. Nyani ni yuleyule, kishindo ni kilekile. Wavulana waliomwasha kwa mkono wao waliogopa kidogo kuliko waliowashiwa. Kwa wasichana tofauti haikuwa wazi kiasi hicho. Miaka mingi baadaye, mwaka 2020, Marc Malmdorf Andersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Aarhus walichapisha matokeo ya watu 110 waliopimwa mapigo ya moyo ndani ya nyumba ya kutisha ya burudani huko Denmark. Raha ilifika kilele pale hofu ilipokuwa ya wastani. Ikipungua sana au kuzidi, raha nayo ilishuka. Hao hawakuwa watoto wadogo, na waliingia kwa hiari. Hapo ndipo bembea ya kuzunguka inapomponza mtoto mwoga. Kiasi cha hofu kimepangwa na fundi, muda umepangwa na mwenye chombo, na swichi iko mkononi mwa kijana aliyekaa kwenye kibanda, macho kwenye foleni.

Basi tumwache nyumbani? Swali hilo lina jibu la karne nzima. Mwaka 1924, New York, Mary Cover Jones alieleza njia alizojaribu kuondoa woga wa watoto waliokuwa wakilelewa kwenye kituo. Kumweka mtoto mbali na kitu anachokiogopa, kwa matumaini kwamba atasahau, hakukufaa. Maneno matamu kuhusu kitu hicho hayakufaa: mtoto alijifunza kukizungumzia, na kukikimbia akaendelea kukikimbia. Kumcheka hakukufaa kabisa. Njia zilizofanya kazi vizuri zilikuwa mbili: kumwonesha mwenziwe akicheza na kitu hicho bila wasiwasi, na kukisogeza hatua kwa hatua huku mtoto akila chakula anachokipenda. Kisa kinachokumbukwa zaidi ni cha Peter, mtoto wa karibu miaka mitatu aliyekuwa akiogopa sungura. Sungura aliwekwa tunduni, mbali, upande wa pili wa chumba. Siku baada ya siku akasogezwa, kisha akatolewa tunduni, mpaka Peter akamwacha amng'ateng'ate vidole. Katikati ya safari hiyo mtoto aliugua na kulazwa. Siku anatoka hospitali, mbwa mkubwa aliwarukia yeye na muuguzi wake. Woga wote ukarudi, kazi ikaanza upya. Mtoto mmoja si ushahidi wa kutosha, ni kweli, lakini tiba ya woga inayotumika kliniki leo imejengwa juu ya wazo hilohilo la kukaribia polepole.

Wapo watakaosema: sisi tulitupwa baharini, tukajua kuogelea. Waliojua ndio wanaosimulia. Aliyetoka pale akichukia maji hana hadithi ya kujisifia barazani. Tena mtoto aliyeshuka kimya kwenye chombo si lazima awe amezoea, maana kunyamaza na kuganda ndiyo ishara ileile Kagan aliyokuwa akiihesabu. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: ukimbembeleza, unamdekeza. Hapa ushahidi unawaunga mkono wazee, kwa nusu. Kagan na mwanafunzi wake Doreen Arcus waliona kwamba watoto wenye kengele kali ambao mama zao waliwakimbilia kwa kila mnung'uniko walibaki waoga kuliko waliowekewa mipaka kwa upole. Huko Sydney, mwaka 2005, Ron Rapee na wenzake walionesha kwamba wazazi wa watoto waoga wa chekechea, wakifundishwa kwa vipindi vichache kupunguza ulinzi uliopitiliza na kuwasogeza watoto taratibu, watoto hao walipata matatizo machache ya wasiwasi mwaka uliofuata. Kumsogeza, kwa hiyo, ni lazima. Kumpakia ni jambo jingine.

Na katika kumsogeza, uso wa mzazi una nguvu kuliko maneno yake. James Sorce na wenzake, mwaka 1985, waliwaweka watoto wa mwaka mmoja mbele ya kioo kilichoonekana kama ukingo wa shimo dogo, mama akiwa ng'ambo. Mama alipotabasamu, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonesha sura ya hofu, kati ya 17 hakuvuka hata mmoja. Mama anayesema "hamna kitu" huku amekaza taya ameshasema kinyume chake.

Uwanjani, hayo yote yanakuwa mambo madogo. Nenda asubuhi, kabla spika hazijafunguliwa. Simameni mbali na chombo, mle mahindi ya kuchoma, mkitazame kikizunguka mara tatu bila mtu kutaja kupanda. Binamu wa rika lake apande kwanza. Bembea ya kusukumwa kwa mkono ianze, kwa sababu hiyo inasimama mtoto akisema basi, na akisema basi isimame kweli. Yule sungura mkubwa apungiwe mkono kutoka mbali. Kiingilio kitauma, najua, hasa ukiondoka bila kupanda chochote. Hesabu kwamba ulilipia hatua ya kwanza. Woga unaomzuia shule, usingizi au chakula kwa wiki nyingi hauhusu bembea tena, huo upelekwe kwa daktari. Kwa waliobaki, kabla ya kukata tiketi, muulize yule kijana kibandani: mtoto akilia katikati, unasimamisha? Akisema hapana, rudisha pesa mfukoni, mwende kwenye bembea ya kusukuma.