Jina la Diski na Kitambulisho Chake

Kitenzi *pachika* kilitumika kwa kisu kwenye mshipi kabla ya kuingia katika kompyuta: ni kukitia kitu mahali pake kikakaa. Katika mfumo wa Linux, kupachika diski ni kuiunganisha na folda fulani ili mafaili yake yasomeke humo. Ugumu uko katika kuitambua diski yenyewe.

Majina kama *sda* na *sdb* hayatoki ndani ya diski. Mfumo huyagawa kwa kufuata jinsi diski zinavyogunduliwa kompyuta inapowashwa, na iliyotangulia jana yaweza kufuata leo, hasa pakichomekwa diski nyingine ya nje. Hapo ndipo amri ya kufomati *sdb* huiangukia diski isiyokusudiwa, na kumbukumbu za ofisi za miaka mingi zikapotea.

Wakazi wa Nkwenda wanalifahamu jambo hili kwa sura nyingine. Hadi 2012 anwani zao zilitaja Wilaya ya Karagwe. Kyerwa ilipomegwa, anwani ilibadilika ilhali nyumba, migomba na mwenyewe vilibaki vilevile. *Sda* ni anwani ya namna hiyo.

Cha kutegemewa ni UUID: tarakimu na herufi 32 zilizotengwa kwa vistari vinne, ambazo huandikwa katika mfumo wa mafaili wakati wa kufomati. (Flashi ya FAT huwa na nane tu.) Amri `lsblk -f` huzionyesha, nazo huingizwa katika faili `/etc/fstab` hivi:

`UUID=7c1e0b52-4d9a-4f63-8a2e-95b0c3d1f768 /akiba ext4 defaults,nofail 0 2`

Neno `nofail` lisisahauliwe. Bila hilo, diski isipokuwapo kompyuta yaweza kukwama ikiwaka.

Hata hivyo, UUID ni ya mfumo wa mafaili, si ya chuma. Diski ikifomatiwa upya hupewa nyingine. Ikinakiliwa biti kwa biti, diski mbili hubaki na kitambulisho kimoja, na mfumo hauna namna ya kujua ipi imekusudiwa. Anayetaka kukitambua chuma chenyewe atumie majina yaliyomo katika `/dev/disk/by-id`, ambayo kwa kawaida hubeba namba iliyotolewa kiwandani.

Mfasiri asiandike *kitambulisho* panapotajwa *lebo*. Lebo huchaguliwa na mtumiaji, na hakuna kinachozuia diski mbili katika ofisi moja ya Kayanga kuitwa AKIBA.